Nilivyowatetea Wenye Ghala Bila Kujua

Kosa hili nililifanya kwa maandishi, na kwa maandishi nalikiri. Nilitafsiri vibaya neno moja la Kiingereza katika kitini kilichosomwa na walimu wengi. Nikaulizwa juu yake, nikajibu kwa uhakika nisiokuwa nao. Hata nilipoanza kuona kwamba nimekosea, nilinyamaza kwa muda kwa kuogopa aibu. Neno lenyewe ni "dearth". Kwa Kiingereza cha leo ni neno la kusema tu kwamba kitu hakitoshi: ushahidi hautoshi, wauguzi hawatoshi, vitabu havitoshi. Ndivyo nilivyolijua tangu shuleni, na sikuona haja ya kuliuliza zaidi.

Kitini kilikuwa cha historia, cha kuwasaidia walimu wa elimu ya watu wazima. Sura niliyopewa ilieleza jinsi Waingereza wa karne ya 16 hadi ya 18 walivyohangaika na chakula: mavuno mabaya, sheria za nafaka, ghasia za sokoni, misaada kwa maskini. Neno "dearth" lilikuwa limetapakaa karibu kila ukurasa. Nilifungua kamusi, nikakuta maana nilizozitarajia: uhaba, upungufu, ukosefu. Penye habari za maskini niliona uhaba ni neno jepesi, nikaandika njaa. Penye habari za mavuno nikaandika upungufu. Nilikwenda hivyo kwa kufuata sikio, nikaikabidhi kazi nikiwa nimeridhika nayo.

Dalili za kosa zilikuwepo tangu mezani kwangu. Sura ilitaja hesabu za Mwingereza Gregory King, zilizochapishwa na Charles Davenant mwaka 1699. Hesabu hizo zasema kwamba mavuno ya nafaka yakipungua kwa asilimia 10, bei hupanda kwa asilimia 30 juu ya bei ya kawaida. Yakipungua kwa 20, bei hupanda kwa 80. Yakipungua kwa 30, bei hupanda kwa 160. Yakipungua kwa nusu, bei hupanda kwa asilimia 450. Mwandishi wa sura alihitimisha kwamba pengo dogo la mavuno huzaa "dearth" kubwa. Mimi niliandika: upungufu mdogo wa mavuno huzaa upungufu mkubwa. Niliisoma sentensi hiyo mara kadhaa na kila mara ilinikwaza, kwa maana hakuna mahali gunia moja likikosekana hukosekana matatu. Lakini niliiacha.

Mbele kidogo alikuja mwanauchumi Adam Smith na kitabu chake cha mwaka 1776. Smith hakupenda serikali kuingilia biashara ya nafaka. Hoja yake ilikuwa kwamba "dearth" huletwa mara nyingi na mavuno mabaya, ila njaa yenyewe huletwa na serikali inapotumia mabavu ili kuiondoa hiyo "dearth". Kwa kuwa maneno yote mawili niliyaita njaa, Smith wa Kiswahili alisema kwamba njaa huletwa na serikali inayojaribu kuondoa njaa. Nililaumu Kiingereza cha zamani. Kisha nikaongeza vivumishi, nikaandika njaa ndogo na njaa kubwa, sentensi ikasimama. Leo nawaambia wanaoanza kazi hii: ukiona unaongeza maneno yako ili sentensi ya mwenzio isimame, basi ipo nguzo umeing'oa, nawe unaegemeza fito.

Kitini kikatoka. Katika semina moja mjini Morogoro niliombwa niwapitishe walimu kwenye sura ile. Tulifika kwenye habari za amri za Malkia Elizabeth wa Kwanza, zilizotolewa wakati wa shida ya 1586 na 1587 na kurudiwa mara kadhaa baadaye. Mahakimu wa amani katika kila wilaya waliagizwa waingie ghalani, wapime nafaka ya kila mwenye nayo, waache ya kutosha chakula cha nyumba yake na mbegu, na ile iliyozidi waamuru ipelekwe sokoni wiki hadi wiki. Huko maskini wauziwe kwanza, kwa vipimo vidogo. Utengenezaji wa kimea cha pombe nao ukabanwa.

Mwalimu mmoja, mama wa makamo aliyekaa safu ya mbele, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu," alisema, "hapa juu panasema kulikuwa na njaa. Hapa chini panasema ghala zilikuwa na nafaka mpaka zikapimwa. Sasa kama nafaka ilikuwepo, hiyo njaa ilikuwa ya nini?"

Nilimjibu papo hapo: "Ilikuwa ile kidogo iliyobaki, dada. Njaa ikiingia ndivyo inavyokuwa, watu hugawana kilichobaki." Nikamwona akiinama, akaliandika jibu langu kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake.

Kukosea tafsiri ni jambo linalompata kila mtafsiri. Kinachoniuma ni jibu lile. Mama yule alikuwa ameliona pengo katika maandishi kwa akili yake mwenyewe, bila kamusi wala Kiingereza. Nami nilitumia heshima niliyopewa ya kusimama mbele kumwondolea shaka iliyokuwa ya haki. Sikusema "ngoja nikaangalie". Aliondoka na uongo, akaenda kuufundisha.

Ukweli niliupata nilipokuwa nikitafuta asili ya maneno mengine ya Kiingereza yanayoishia kwa "th". Kiishio hicho kilikuwa na kazi inayofanana na ya u- katika Kiswahili: kugeuza sifa kuwa jina. Sisi tunatoka kwenye refu tukapata urefu. Waingereza walitoka kwenye "long" wakapata "length", na kwenye "warm" wakapata "warmth". Na kwenye "dear" walipata "dearth". "Dear" ni ghali. Kwa hiyo "dearth", kwa ujenzi wake, ni ughali. Matamshi ya leo yameyatenganisha maneno hayo mawili, moja likawa dia na jingine dath, hata Waingereza wengi hawausikii tena undugu wake. Ila katika Kiingereza cha kale "deore" lilikuwa kitu cha thamani, na tangu Zama za Kati "dearth" lilitumika kwa majira ambayo chakula kimepanda bei kiasi cha kumshinda mtu wa kawaida. Maana pana ya kukosekana kwa kitu chochote kile ilikuja kukua baadaye. Mimi nilichukua maana ya leo nikaivisha karne ya 16.

Nilirudi kwenye sura na neno hilo mkononi, na kila kilichopinda kikanyooka. Pengo dogo la mavuno huzaa ughali mkubwa: hizo ndizo hesabu za King, na kila mfanyabiashara wa mahindi anazijua bila kuzisoma. Serikali inayopambana na ughali kwa mabavu huleta njaa: hiyo ndiyo hoja ya Smith. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa, lakini sasa kuna hoja ya kubishania. Na amri za Malkia Elizabeth zilikuwa za kupambana na ughali wa nafaka iliyokuwepo. Ndiyo maana mahakimu walitumwa ghalani.

Kuna karatasi moja ya mwaka 1598 inayoonyesha jambo hili kwa karibu. Mvua zilikuwa zimeharibu mavuno mfululizo tangu 1594 hadi 1597. Mwezi Februari 1598, katika mji wa Stratford-upon-Avon, iliandikwa orodha ya wenye nafaka na kimea majumbani. Miongoni mwa majina limo la William Shakespeare, mwenye kota 10 za kimea, yaani zaidi ya madebe 140. Hakuwa peke yake. Majirani zake wengi wamo, na baadhi walikuwa na zaidi. Mtu akisoma orodha hiyo chini ya neno njaa, atashangaa. Akiisoma chini ya neno ughali, ataelewa mara moja kwa nini maskini wa mji ule walikuwa wakinung'unika.

Shakespeare mwenyewe aliliweka neno hilo jukwaani. Tamthilia yake ya Coriolanus inaanza na raia wa Roma wenye virungu mikononi, wakilalamika kwamba ghala za wakubwa zimefurika nafaka na wao hawana mkate. Mzee Menenius, rafiki wa wakubwa, anawatuliza kwa kuwaambia kwamba "dearth" hiyo imeletwa na miungu, haikuletwa na mabwana. Ugomvi mzima umo humo: je, shida hii imetoka mbinguni au imetoka ghalani? Ukitafsiri kwa neno njaa, umekwisha kumpa Menenius ushindi kabla raia hawajafungua kinywa. Njaa kwetu ni balaa, husemwa imeingia, imepiga, imeangukia nchi, kama kwamba haina mwenyewe. Ughali una muuzaji na mnunuzi. Tafsiri yangu iliwatetea wenye ghala, na wala sikujua kwamba niko barazani mwa kesi.

Nilipofuatilia zaidi niliona kwamba Waingereza hawako peke yao. Wajerumani wana "Teuerung", lililotokana na "teuer", ghali, na Martin Luther alilitumia katika Biblia yake kwa ile miaka saba ya shida katika habari za Yusufu. Warumi waliita kupanda kwa bei ya nafaka "caritas annonae". Na hiyo "caritas", ughali, ndiyo pia iliyokuwa mapenzi na upendo, kwa kuwa kinachopendwa sana na kinachogharimu sana viliitwa kwa jina moja. Waarabu wana "ghalaa", kupanda kwa bei, neno ambalo wanahistoria wao walilitumia kwa majira ya shida ya chakula. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Cairo, karibu na mwaka 1405 aliandika kitabu kizima kuhusu majira hayo ya Misri. Alipopima sababu za shida ya wakati wake hakuishia kwenye maji ya Mto Nile. Alitaja vyeo vilivyonunuliwa kwa rushwa, kodi za ardhi zilizopandishwa juu ya wakulima, na wingi wa sarafu za shaba, zile fulusi ambazo jina lake limeingia hata katika Kiswahili.

Hapo nilijisikia vibaya kuliko popote. Neno nililolihitaji lilikuwa la kwetu. Ghali imetoka katika mzizi uleule wa ile "ghalaa" ya al-Maqrizi. Tunayo pia azizi, kitu cha thamani ambacho pia ni adimu, na laazizi ni mpenzi. Kiswahili kilikuwa na kila kilichohitajika ili kumfikishia mama yule wa Morogoro maana kamili. Aliyepungukiwa ni mimi.

Nimejiuliza kwa nini kosa lilinipitia kirahisi hivyo, na naona sababu moja niiseme, si kwa kujitetea. Mimi ni mtoto wa Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uhaba nilioujua ulikuwa rafu tupu. Bei iliyopangwa na serikali ilikuwa nafuu, lakini sukari haikuwepo, sabuni haikuwepo, na watu walipanga foleni bila kujua dukani mna nini. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipoongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, maneno yaliyokuwa vinywani mwa watu wazima yalikuwa bidhaa adimu, magendo na bei ya kuruka. Kwenye karatasi bei ilikuwa chini, bidhaa zikawa zimefichwa au hazipo kabisa. Shida ya Waingereza wa 1597 ilikuwa na sura nyingine: nafaka ilikuwepo, ghalani na sokoni, bei ndiyo ilikuwa imeikimbia mikono ya watu. Niliposoma "dearth" niliona rafu za utotoni mwangu, nikaacha kuliona soko la wengine. Mtafsiri akiingiza kumbukumbu zake ndani ya habari za watu wengine, msomaji hana njia ya kugundua.

Lazima niungame na kosa la pili, kwa sababu lilizaliwa na lile la kwanza. Baada ya kuijua asili ya neno nilipata hamasa iliyopita kiasi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia "dearth" katika Mwanzo 41, kwenye ile miaka saba ya Misri, na Biblia zetu za Kiswahili husema njaa. Nilianza kuwaambia wenzangu kwamba watafsiri wetu wa Biblia nao walikosea. Kabla sijaandika hivyo, mtu mwenye elimu ya Kiebrania alinikalisha chini. Neno la asili hapo ni "raav", nalo ni njaa kabisa. Na Waingereza wenyewe, katika sura hiyohiyo, wamelitafsiri sehemu nyingine kwa neno lao la njaa. Tena katika Yeremia 14 hiyo "dearth" ya Kiingereza imesimama mahali pa neno la Kiebrania lenye maana ya kukosekana kwa mvua. Waswahili hawakutafsiri Kiingereza kibaya. Walikuwa karibu zaidi na asili kuliko mimi. Asili ya neno hukuonyesha lilikotoka. Maana ya sentensi utaipata kwa kuisoma sentensi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wapenda maneno, mwenye njaa hajali jina la njaa yake. Nawajibu kwa habari za njaa ya Bengal, mwaka 1943, India ikiwa chini ya Waingereza. Mwanauchumi Amartya Sen, aliyeyaona mateso yale akiwa mtoto, aliyachunguza baadaye katika kitabu alichokitoa mwaka 1981. Alikuta kwamba chakula kilichopatikana mwaka ule kilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 5 tu ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na kilizidi kile cha 1941, mwaka ambao haukuwa na njaa. Bei ya mchele ilikuwa imeruka katika uchumi wa vita. Ujira wa vibarua wa mashambani na kipato cha wavuvi havikuruka nayo. Kwa makadirio yake watu wapatao milioni 3 walikufa. Serikali iliyoamini kwamba tatizo ni kiasi cha mchele ilikuwa ikihesabu magunia. Aliyetakiwa kuhesabiwa alikuwa kibarua na ujira wake. Neno unaloiitia shida ndilo litakalokutuma mahali pa kwenda kuitafuta dawa: ukisema ukame utatazama mawingu, ukisema upungufu utahesabu magunia, ukisema ughali utauliza nani anauza, kwa kiasi gani, na nani hawezi kununua.

Nimeiandika upya sura ile. Nilimtafuta mama yule kupitia waandaaji wa semina, nikamwambia kwamba swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa la uongo. Aliniuliza jambo moja tu: wale aliokwisha kuwafundisha atawapata wapi? Sikuwa na jibu, na mzigo huo naubeba.

Kwenu waandishi wa habari, watangazaji na watafsiri wenzangu, ombi langu ni hili. Mnapotaka kuandika kwamba kuna uhaba wa mahindi, mchele au mafuta ya kula, nendeni kwanza sokoni mkaone kama chakula hicho kipo. Kikiwepo na watu wakashindwa kukinunua, andikeni ughali, na mtaje bei. Kisipokuwepo, andikeni uhaba. Watu wakifa kwa kukosa chakula, hapo andikeni njaa bila kupunguza neno.

Na kwa kila mwenye nakala ya zamani ya kitini kile: katika habari za Uingereza, popote palipoandikwa njaa, njaa ndogo, au upungufu uliozaliwa na upungufu wa mavuno, kata, uandike ughali wa chakula. Mahali pawili tu usikate. Pa kwanza ni ile njaa kubwa ya Smith. Pa pili ni habari za kaskazini ya nchi hiyo mwaka 1597, ambako katika mji wa Newcastle maskini walikufa barabarani wakazikwa kwa gharama za mji. Hapo acha neno njaa kama lilivyo, kwa kuwa hapo ughali ulikuwa umekwisha kugeuka njaa ya kweli.